Karani Aliyeshuka Ghalani

Maiti ya karani Hilaire Cottin ililazwa juu ya ubao wa kukamulia zabibu, kwa sababu nyumba nzima ya Mabille haikuwa na meza. Sajini Gatien Vaudrey alipouliza meza iko wapi, mke wa Mabille alimjibu kwamba Kampuni iliichukua mwaka jana, pamoja na ng'ombe. Alisema hivyo bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwezi wa Oktoba, zabibu za mwisho zikivunwa kijijini Montgrésil. Saa sita gari la Kampuni lingefika kumchukua Toussaint Mabille, mwenye nyumba, limpeleke akahukumiwe kwa kumuua karani, na kila mtu alijua hukumu yake. Kampuni ile ilikuwa ya matajiri wachache walionunua kwa mfalme haki ya kutoza kodi: wao walimpa mfalme fedha kwa mkupuo, kisha wakajikusanyia wenyewe, kwenye chumvi, kwenye tumbaku, kwenye mvinyo ghalani kwa mkulima, na tena kwenye mvinyo ule ule unapopita malango ya Paris. Walikuwa na askari wao, jela zao na mahakama yao. Vaudrey alikuwa askari wa mfalme, mpanda farasi wa wilaya, na haki yake katika jambo hili ilikuwa kuikagua maiti na kuandika ripoti kabla ya saa sita. Baada ya hapo angetakiwa kukaa kando na kuvua kofia.

Mwangalizi wa Kampuni, Bwana Quillard, alikuwa keshamaliza upelelezi wake kabla hajashuka kwenye farasi. Alimweleza Vaudrey huku akivuta ugoro. Jumanne asubuhi Cottin alikuja kupima mapipa. Jumanne mchana alitolewa amekufa, ana jeraha la paji la uso. Ghalani kulikuwa na nyundo ya mti, na karibu na mlango kulikuwa na ndoo yenye damu. Mabille anawachukia makarani, na akiulizwa Jumanne alikuwa wapi anafunga mdomo. Basi, nini tena.

"Ndoo hiyo ni ya damu ya ng'ombe," Vaudrey alisema. "Wanasafishia mvinyo. Ukitaka, nitakuonyesha ndoo kama hiyo nyumba kumi."

"Na jeraha nalo ni la ng'ombe?"

Vaudrey aliinama juu ya maiti. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima wa zabibu, na mtu kama Quillard, mwenye glovu nyeupe katikati ya mavuno, alimtia hasira tangu zamani. Lakini hasira si ushahidi.

Cottin alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, mwembamba, vidole vina wino. Midomo yake ilikuwa ya samawati. Ngozi ya paji ilikuwa imepasuka, ila damu iliyotoka ilikuwa kidogo mno, na ndani ya jeraha mlikuwa na chembe za jiwe la kijivu. Vaudrey alikwenda kwenye mlango wa ghala la chini, akagusa ukingo wa ngazi ya kwanza, akarudi na vumbi kidoleni. Jiwe lilikuwa lile lile. Nyundo ya mti haiachi jiwe kichwani mwa mtu. Huyu alianguka, na alipoanguka moyo wake ulikuwa umekwisha choka kusukuma damu.

Kisha akazifungua ngumi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika gumegume, jiwe la kuwashia moto. Vifundo vya mkono wa kulia vilikuwa vimechunika, vidonda vidogo vidogo vya mtu aliyegonga chuma kwenye jiwe mara nyingi gizani akajikosa. Fanusi yake ilikuwa hapo kando, imepandishwa pamoja naye, kioo kizima. Mshumaa ndani yake ulikuwa wa mafuta ya kondoo, mbaya, unaonuka, na ulikuwa bado mrefu, umeungua upana wa kidole kimoja tu.

Akamuuliza Quillard kama mishumaa hii ni ya Kampuni. Quillard alisema ndiyo, makarani hupewa sita kwa mwezi, na kila siku wanalalamika kwamba inazimika yenyewe. Makarani hulalamikia kila kitu, aliongeza.

Vaudrey aliomba akamwone mshitakiwa. Toussaint Mabille alikuwa amefungwa minyororo bandani kwenye nguzo, mtu mfupi mwenye mabega mapana. Alitazama pembeni sajini alipoingia. Vaudrey alimuuliza alikuwa wapi Jumanne. Kimya. Akamuuliza kama anajua kwamba kimya hicho kitamtia kitanzini. Mabille aliitikia kwa kichwa kwamba anajua.

Sajini aliangalia viatu vyake. Udongo wa Montgrésil ni mwekundu. Kwenye nyufa za viatu vile kulikuwa na chokaa nyeupe, mbichi, ya aina moja na ile ya ukuta mpya ambao Kampuni ilikuwa inaujenga kuzunguka Paris nzima ili hata chupa moja isiingie bila kulipa. Mtu anayepita langoni na mkokoteni wake anapata vumbi la barabara. Chokaa ya namna ile inampata anayetambaa chini ya ukuta akivuta pipa. Basi Mabille alikuwa na ushahidi mzuri kabisa kwamba hakuua, na ushahidi wenyewe ungempeleka bandarini kufanya kazi ya minyororo hadi afe. Akisema, amekwisha, asiposema, amekwisha.

"Sikuulizi tena," Vaudrey alisema kwa sauti ya chini. Akaokota konzi ya majani makavu, akamtupia. "Sugua viatu."

Mabille alimtazama kwa mara ya kwanza. Kisha akaanza kusugua, taratibu, minyororo ikilia.

Sajini alirudi kwenye mlango wa ghala. Aliwasha mshumaa wa nta wa kwake mwenyewe, akaufunga kwenye kamba, akauteremsha kidogo kidogo kando ya ngazi. Ngazi ya nne uliwaka vizuri. Ngazi ya sita moto ulinywea, ukawa wa manjano. Ngazi ya saba ulizimika. Hakukuwa na upepo. Akaupandisha, akauwasha, akauteremsha tena, ukazimika pale pale. Kutoka chini alisikia mapipa yakichemka polepole, mvinyo mpya ukichacha. Mtoto yeyote wa kijiji cha zabibu anajua kwamba kwa wiki mbili baada ya kukamua, mvinyo unatoa pumzi yake, pumzi nzito isiyo na rangi, inajaa chini kama maji kwenye ndoo, na anayeshuka ndani yake hapandi. Ndiyo maana watu hushuka na mshumaa wameushika magotini. Ukizimika, unageuka unakimbia.

Cottin alikuwa mtu wa mjini. Mshumaa wake ulipozimika hakukimbia. Alifikiri ni mshumaa wa Kampuni, ule unaozimika kila siku. Akachuchumaa gizani kwenye pumzi ile, akatoa gumegume, akagonga, akagonga, akagonga. Vaudrey alimwona akilini kabisa, akimlaani mtengeneza mishumaa. Alipoanza kusikia kizunguzungu alikuwa amekwisha chelewa, akaangukia ngazi kwa uso.

Ripoti ilikuwa karibu kukamilika. Lakini lilibaki swali moja ambalo Vaudrey asingependa kuliuliza, na ndiyo maana alijua kwamba lazima aliulize. Akamwita jirani, fundi mapipa aitwaye Barnabé, ambaye alisaidia kuitoa maiti, akamuuliza waliitoaje.

Barnabé alisema waliitoa kwa kulabu. Ile ya kuvutia mapipa, yenye mpini mrefu.

"Hamkushuka?"

"Tushuke wiki hii, afande? Tuna wazimu?"

Kisha Barnabé akaelewa alichosema. Akaangalia chini, akaanza kuhesabu vifungo vya kizibao chake kwa kidole. Vaudrey alimwambia aende zake.

Walijua, basi. Walichukua kulabu kabla hawajafika mlangoni. Na Jumanne asubuhi, wakati karani alipofika na fanusi yake ameiinua kama mtu anayeingia kanisani, aliyemfungulia mlango alikuwa mtu mmoja tu.

Perrine Mabille alikuwa jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya viazi vya kulisha nguruwe wa watu. Sajini alifunga mlango. Alimweleza yote: mshumaa, gumegume, kulabu. Alimwambia kwamba mumewe hakuua, na kwamba anaweza kulithibitisha. Perrine alisikiliza bila kuacha kumenya. Sajini alipofika kwenye swali lake, kisu kilisimama.

"Ulijua kwamba pumzi iko chini?"

"Nilijua."

"Na ulimwacha ashuke."

Perrine alikiweka kisu sakafuni. "Alisimama pale mlangoni, akatoa karatasi. Ni sheria yao, lazima wasome kabla ya kuingia. 'Yeyote atakayemzuia karani, au kumchelewesha, kwa neno au kwa tendo.' Akasoma mpaka mwisho. Alisoma vizuri. Akaniuliza, mama, umeelewa? Nikasema nimeelewa, bwana." Akageuza kiazi mkononi. "Mwaka jana alikuja mwingine, wiki kama hii. Mume wangu akamwambia ngoja, bwana, mvinyo unachacha, rudi baada ya siku kumi na tano, utakufa. Kwa wema kabisa. Wakaandika kwamba tumemchelewesha ili tufiche mapipa. Ng'ombe akaenda. Meza ikaenda. Mtoto wangu mdogo alikuwa anaishi kwa maziwa ya yule ng'ombe, sajini. Tulimzika mwezi wa pili."

Vaudrey alikitazama kisu pale sakafuni.

"Nilifungua mdomo," Perrine alisema. "Usifikiri sikufungua. Alikuwa ngazi ya pili, nauona mgongo wake. Nikafungua mdomo. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Nikaufunga."

Vaudrey alikuwa na hasira, na kilichomchoma zaidi ni kwamba hakujua amwelekezee nani, mwanamke huyu aliyekuwa na macho makavu, au kijana yule pale kwenye ubao aliyeisoma karatasi yake kwa sauti nzuri. Hatimaye aliuliza kama waliwahi kupewa hukumu ya mwaka jana kwa maandishi. Perrine aliinuka, akaitoa nyuma ya picha ya Bikira Maria. Hajui kusoma, lakini karatasi iliyomla ng'ombe wake alikuwa ameitunza kama hati ya shamba.

Quillard alikuwa uani akiangalia saa yake. Vaudrey alimpa matokeo kwa ufupi, kama mtu anayesoma amri: hakuna pigo, hakuna mtu wa pili, karani amekufa kwa pumzi ya mvinyo. Akamwonyesha mshumaa ukizimika mara mbili. Quillard hakuwa mjinga. Alitazama mshumaa, kisha akatazama dirisha la jiko.

"Kwa hiyo mke alijua," alisema. "Wote hawa wanajua. Alijua, akamwacha afe. Mfungue mume, sajini, mimi nitamchukua mke. Kwangu ni mamoja."

"Angemwambia nini?"

"Angemwambia asishuke. Sheria haimkatazi mtu kuokoa roho."

Vaudrey akaikunjua ile karatasi, akamsomea. Toussaint Mabille, kwa kumwambia karani asishuke ghalani kwa kisingizio cha mvinyo kuchacha, amepatikana na hatia ya kumchelewesha. Alisoma tarehe. Alisoma orodha ya vilivyochukuliwa, ng'ombe mmoja, meza moja ya mwaloni. Kisha akasoma sahihi ya Quillard mwenyewe, polepole, ingawa wote wawili waliijua.

"Ukimpeleka mama huyu kwa kunyamaza," alisema, "kesi itafika kwa hakimu wa mfalme, maana mahakama yenu huhukumu anayewapiga makarani, si anayenyamaza. Nami nitakuja na hii. Utamweleza hakimu kwamba ulimtoza mume kwa kusema na unamnyonga mke kwa kutosema. Pengine ataelewa. Mimi sikuelewa."

Quillard alivuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta kwa leso. Hakuonekana kukasirika. Alisema vyema, iandikwe pumzi. Bahati mbaya kazini. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ya kawaida, kwamba kwa kuwa mapipa hayakupimwa, Kampuni itakadiria yenyewe. Na kila kitakachopungua kwenye makadirio kitahesabiwa kwamba wenye nyumba wamekunywa kupita kipimo walichoruhusiwa, na watalipia. Na jambo moja zaidi. Mama yake marehemu yuko njiani kutoka mjini. Karani aliyeuawa kazini, mzazi wake hupewa posho maisha yake yote. Karani aliyekufa kwa uzembe wake mwenyewe, mzazi wake hapewi kitu.

"Umeupata ukweli wako, sajini," alisema. "Mpelekee huyo bibi."

Mabille alifunguliwa saa tano na nusu. Alitoka bandani akisugua vifundo vya mikono, viatu vyake safi, akamtazama mkewe mlangoni, na hakuna aliyekimbia kumkumbatia mwenzake. Aliingia ndani. Perrine alibaki nje.

Bibi Cottin alifika akisukuma mkokoteni wa mikono. Alikuwa dobi, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, amevaa vazi jeusi la kuazima lililompwaya. Hakulia. Aliinama juu ya mwanawe, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akauliza nani alimuua. Vaudrey alivua kofia, akamweleza. Alimweleza kuhusu pumzi na kuhusu mshumaa. Alimweleza kuhusu posho pia, kwa sababu hakutaka asikie kwa Quillard. Mama aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, kama mtu anayepokea nguo chafu na kuzihesabu.

Alikuwa na ombi moja tu. Aliomba barua ya kupitia langoni. Wale wa langoni, alisema, wana fimbo zao za chuma zenye ncha, wanachoma kila mzigo wajue kama una pombe ndani. Hata majeneza wanachoma, maana wako watu waliopitisha mvinyo kwenye majeneza. Hakutaka wamchome. Mwanawe alikuwa mwenzao, alisema, lakini hawatamjua, walikuwa wanabadilishwa kila mara. Vaudrey aliandika barua hapo hapo, juu ya mgongo wa pipa, akaipiga muhuri. Walijua wote wawili kwamba walinzi wa langoni hawafuati barua za askari wa mfalme.

Mama aliikunja barua, akaitia kifuani. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu yeyote hasa:

"Na hapakuwa na mtu wa kumwambia?"

Vaudrey alifungua mdomo amdanganye. Alikuwa keshaandaa maneno, nyumba ilikuwa tupu, mavuno, watu wote mashambani. Lakini Perrine alikuwa amekwisha ondoka mlangoni, anakuja, mikono imejaa maganda ya viazi.

"Nilikuwepo mimi, mama," alisema. "Nilijua. Nilinyamaza."

Yule mzee alimgeukia. Walisimama hatua mbili tu kati yao, na Vaudrey akasogea, kwa sababu alikuwa ameona wanawake wakiuana kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Alikusomea karatasi?" mama aliuliza.

"Alinisomea."

"Yote?"

"Yote, mpaka mwisho."

"Alikuwa akijifunza kuisoma nyumbani kwangu," mama alisema. "Mimi napiga pasi, yeye anasoma. Akikosea anarudia toka mwanzo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye mshahara." Alitazama uso wa mwanawe kwa muda, ile midomo ya samawati. "Ungemwambia, angekuandika."

Perrine aliyashikilia maganda yake.

"Ni mwanangu, namjua. Angekuandika, kisha angeshuka." Akafuta mikono kwenye vazi la kuazima, akaenda upande wa kichwa. "Njoo unishikie miguu. Peke yangu simwezi."

Perrine alitupa maganda, akashika miguu. Wakamwinua pamoja, wakamlaza kwenye mkokoteni, na mama akamfunika na shuka la mteja.